Kuongeza RAM ya kompyuta mpakato

Kuongeza RAM ya kompyuta mpakato ni kazi ya kuweka kipande kingine cha kumbukumbu ndani ya kompyuta, au kubadilisha kilichopo kwa kikubwa zaidi, ili ifungue programu nyingi na faili kubwa bila kusuasua. RAM ni kumbukumbu ya muda: hushika kazi inayoendelea na hufutika umeme unapokatika. Faili za kudumu hutunzwa kwenye diski. Aina ya RAM inayotumika leo ilibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1968.

Kupima mahitaji

RAM ikijaa, mfumo wa uendeshaji huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi. Ndipo kompyuta huonekana nzito. Katika Windows, matumizi ya RAM huonekana kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Katika Linux kwa amri free -h. Ikiwa imekaribia kujaa wakati wa kazi za kawaida, kuongeza kutasaidia. Ikiwa nusu yake iko wazi na kompyuta bado ni nzito, tatizo huwa kwingine, mara nyingi kwenye diski ngumu ya kuzunguka. Hapo fedha hutumika vizuri zaidi kwa kununua diski ya SSD.

Aina za RAM

Kompyuta mpakato hutumia vipande vifupi viitwavyo SO-DIMM. Vizazi vyake haviingiliani, kwa kuwa idadi ya pini, mahali pa pengo na volti hutofautiana:

- DDR3: pini 204, volti 1.5 (DDR3L: volti 1.35)
- DDR4: pini 260, volti 1.2
- DDR5: pini 262, volti 1.1

Aina husomwa kwenye lebo ya kipande: PC3 ni DDR3, PC3L ni DDR3L, PC4 ni DDR4 na PC5 ni DDR5. DDR3 na DDR3L zina umbo moja, lakini kompyuta inayohitaji volti 1.35 haipaswi kuwekewa kipande cha volti 1.5.

Kila kompyuta ina kiwango cha juu cha RAM inachokubali. Windows ya biti 32 kwa matumizi ya kawaida haizidi gigabaiti 4, hata kikiwekwa kipande cha 8. Baadhi ya kompyuta nyembamba, kama MacBook Air, RAM yake imechomelewa kwenye ubao mama, hivyo haiongezwi kwa njia hii.

Hatua za kazi

1. Faili muhimu hunakiliwa kwanza mahali pengine.
2. Kompyuta huzimwa kabisa, chaja huchomolewa na betri hutolewa au kutenganishwa na ubao.
3. Fundi hugusa chuma kilichounganishwa na ardhi ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha hufungua mfuniko kwa bisibisi.
4. Vishikizo viwili vya pembeni hutanuliwa. Kipande cha zamani huinuka na kutolewa.
5. Kipande kipya hushikwa kingoni, huingizwa kwa mshazari pengo likilingana, kisha hulazwa mpaka vishikizo vibane. Kikikataa, hakilazimishwi.
6. Kompyuta huwashwa na kiasi cha RAM hukaguliwa.

Mazingira ya pwani

Katika miji ya pwani kama Bagamoyo, hewa yenye unyevu na chumvi huharakisha kutu kwenye metali. Pini zikichafuka, kompyuta inaweza kuwaka bila kuonyesha kitu, au kulia milio tu, na mwenyewe akadhani RAM imekufa. Kutoa kipande, kufuta pini kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo, kusubiri zikauke na kukirudisha huenda kukatosha bila kununua chochote.

Kwa mwanafunzi wa Bagamoyo anayefuata vifaa Kariakoo, Dar es Salaam, safari ni ya kilomita 70 hivi. Kosa la aina moja humgharimu bei ya kipande pamoja na nauli ya kurudi tena. Kwa hiyo ni salama zaidi kwenda na kipande cha zamani, au picha ya lebo yake, pamoja na jina kamili la modeli ya kompyuta.