Sikukuu ya Mataa katika Mji wa Kashi

Siku moja mwanafunzi alituuliza darasani, "Mwalimu, mbona jana usiku watu wa maduka ya sokoni waliwasha taa tele vizingitini mwao?" Tukamjibu upesi, kama mtu atakaye kuendelea na somo lake: "Hiyo ni Divali, mwaka mpya wa Wahindi wote, siku hiyo huabudu taa." Darasani alikuwamo mtoto wa mwenye duka mmoja. Hakusema neno, bali aliinamisha kichwa. Somo lilipokwisha alitujia, akasema kwa adabu, "Mwalimu, shikamoo. Sisi hatuabudu taa."

Neno lile lilituchoma. Tukaanza kuuliza na kusoma, hata tukaona ya kuwa jibu letu, fupi kama lilivyokuwa, lilikuwa na makosa matatu: tulikosea juu ya mwaka mpya, tulikosea juu ya Wahindi wote, tena tulikosea juu ya kuabudu taa. Twayaeleza hapa makosa hayo, maana twadhani si sisi peke yetu tuliopata kuyafanya. Na kwa maelezo yetu tumechagua mji wa Kashi, ulio kaskazini ya Bara Hindi, kwa sababu huko sikukuu hii huonekana kwa ukamilifu wake.

Kwanza jina lenyewe. Katika lugha ya Kisanskriti, lugha ya kale ya vitabu vya Wahindu, *dipa* ni taa, na *avali* ni safu. Basi Dipavali ni safu ya taa, na kwa vinywa vya watu wengi imefupishwa kuwa Divali. Mji nao una majina matatu: Kashi ndilo la kale, litumiwalo hasa katika mambo ya dini, nalo husemwa kuwa latoka katika neno la kung'aa, Varanasi ndilo la serikali, na Banaras ndilo watu walitajalo katika mazungumzo. Umejengwa kando ya mto Ganga, mahali ambapo mto huo hugeuka ukaelekea kaskazini. Ukingoni pana ngazi za mawe zishukazo majini, ziitwazo ghati, nazo zapata 84. Huko watu huoga, huomba, hufua nguo, na katika ghati mbili huchoma maiti wao. Ni mji wa wanazuoni, wa wapiga ngoma na zumari, na wa wafumaji wa hariri, ambao wengi wao ni Waislamu. Bismillah Khan, mpiga zumari mashuhuri aliyezaliwa mwaka 1916 na kufa mwaka 2006, alikuwa Mwislamu, naye alizoea kufanya mazoezi yake katika hekalu la Kihindu kando ya mto huo.

Sasa tutazame siku yenyewe. Divali huangukia usiku wa giza kuu, mwezi uishapo kabla haujaandama mwingine. Kwa kalenda yetu huwa kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Mwaka 2023 ilikuwa tarehe 12 Novemba. Mwaka 2024 wengi waliishika tarehe 31 Oktoba na wengine tarehe 1 Novemba. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 20 Oktoba. Msomaji ataona ya kuwa kila mwaka ilirudi nyuma siku kumi na moja au zaidi kidogo, maana miezi kumi na miwili ya mwandamo ni siku 354 tu. Mbona basi haiendelei kurudi nyuma hata kuzunguka majira yote, kama zifanyavyo Idi za Waislamu? Sababu ni hii: Wahindu huhesabu miezi kwa mwezi, lakini huulinganisha mwaka na jua. Upungufu ukiisha kukusanyika, kwa kadiri ya kila miaka mitatu, huongeza mwezi mzima wa kumi na tatu. Ndiyo sababu sikukuu iliyorudi hata tarehe 20 Oktoba katika mwaka 2025 yaruka mbele hata tarehe 8 Novemba katika mwaka 2026. Sisi tuishikao Pasaka hatuna haki ya kustaajabu, maana Pasaka nayo hufuata mwezi na jua pamoja.

Tena Divali si siku moja, bali ni siku tano. Ya kwanza huitwa Dhanteras. *Dhan* ni mali, *teras* ni siku ya kumi na tatu ya nusu ya giza ya mwezi. Siku hiyo watu hununua chombo cha shaba au cha fedha, japo kidogo. Huko Kashi hufunguliwa pia mlango wa sanamu ya dhahabu ya Annapurna, bibi mwenye kulisha watu, ambayo huonyeshwa siku chache tu kwa mwaka. Waliokwenda huko hupewa sarafu na chembe za nafaka, nao huziweka nyumbani pamoja na akiba yao. Ya pili ni Divali ndogo, ukumbusho wa Krishna alivyomwua Naraka mdhalimu. Ya tatu ndiyo Divali kuu. Ya nne ni Annakut, yaani mlima wa chakula. Vyakula vya namna nyingi hupangwa mbele ya sanamu hekaluni, kisha hugawiwa watu. Ya tano ni Bhai Duj, siku ya ndugu: dada humtia kaka yake alama katika paji la uso na kumwombea maisha marefu, naye kaka humpa zawadi.

Usiku wa Divali kuu nyumba huwa zimekwisha kufagiwa na kupakwa chokaa. Watu hufanya ibada ya Lakshmi, bibi wa baraka na mali, pamoja na Ganesha mwenye kichwa cha tembo, aombwaye mwanzoni mwa kila kazi. Kisha taa huwashwa. Taa hizi ni vibakuli vya udongo viitwavyo diya, vidogo hata kukaa kiganjani. Hutiwa mafuta ya haradali au samli, na utambi wa pamba iliyosokotwa kwa vidole. Huwekwa vizingitini, madirishani, juu ya dari, kisimani, na hata penye jaa la taka.

Kwa nini taa? Hapa ndipo lilipo kosa letu kubwa. Wengi husimulia habari za Rama, aliyefukuzwa kwao miaka kumi na minne, akamshinda Ravana aliyemwibia mkewe Sita, kisha akarudi Ayodhya. Usiku ulikuwa hauna mwezi, na watu wa mji wakawasha taa ili mfalme wao aone njia. Wengine husema ya kuwa Lakshmi hupita usiku ule akitazama nyumba, wala haingii penye giza na uchafu. Hadithi ni mbili, lakini maana ya taa ni moja: ni ya kumwangazia mgeni mheshimiwa apate kuingia. Ni kweli taa yenyewe hupewa heshima, hata yasemwa maneno ya kuisalimu. Lakini mtu awashaye taa kizingitini haiabudu, kama vile sisi tuwashao mishumaa kanisani hatuabudu nta.

Kosa la pili lilikuwa mwaka mpya. Wahindu wengi wa Afrika ya Mashariki asili yao ni Gujarat na Kachchh, na kwa Wagujarati ni kweli mwaka huanza siku baada ya Divali. Usiku wa Divali wafanyabiashara hufunga daftari za zamani na kuzifanyia ibada daftari mpya. Kwa kuwa sisi wa pwani tumezoea kuwaona hao, tukadhani ndivyo ilivyo kwa wote. Lakini huko Kashi mwaka huanza katika mwezi wa Chaitra, yaani Machi au Aprili, na Divali si mwaka mpya.

Kosa la tatu li katika lugha yetu wenyewe. Mhindi ni mtu wa asili ya Bara Hindi. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Herufi moja tu yatenga maneno haya mawili, nasi twayachanganya kila siku. Wako Wahindi Waislamu, Wakristo, Waparsi, ambao Divali si sikukuu ya dini yao. Tena wako wasio Wahindu waishikao kwa sababu nyingine: Wajaini hukumbuka kufa kwake Mahavira, mwalimu wao mkuu, na Wasikh hukumbuka kufunguliwa kwa Guru Hargobind kutoka gerezani. Hata katika Wahindu wenyewe mambo hutofautiana. Katika mtaa wa Wabengali huko Kashi, usiku ule ule ibada kuu ni ya Kali, wala si ya Lakshmi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo Kashi wajivunia nalo. Siku kumi na tano baada ya Divali, mwezi ukiwa mpevu, huja Dev Divali, yaani Divali ya miungu. Husimuliwa ya kuwa Shiva, bwana wa mji huo, aliiteketeza miji mitatu ya mashetani, na miungu ikashuka kuoga katika Ganga kwa furaha. Jua likichwa, ghati zote huwashwa taa kutoka ngazi ya juu hata ya chini, na watu huzitazama kutoka katika mashua. Divali ya kwanza ni ya nyumbani, kila mtu na kizingiti chake, katika giza. Ya pili ni ya mji mzima, mbele ya mto, chini ya mbalamwezi. Na katika mwezi wa Kartik watu huko hutundika taa ndani ya vikapu juu ya miti mirefu ya mianzi, ili kuwaangazia njia wazee wao waliokufa.

Tusidhani lakini ya kuwa kila mng'ao ni wa furaha. Nyaya za taa za umeme zimewapunguzia wafinyanzi soko la diya, kazi waliyorithi kwa baba zao. Fataki nazo zimeujaza moshi hewani, hata katika mwaka 2018 Mahakama Kuu Kabisa ya India iliamuru zipigwe kwa saa mbili tu usiku wa Divali, tangu saa mbili hata saa nne. Na neno hili fataki ni letu sasa, lakini limetoka huko huko, kama vile gari na laki. Tumepokea maneno yao kwa moyo mweupe; haidhuru tukipokea na maana ya mambo yao kwa uangalifu.

Hatusemi ya kuwa imani zote ni moja; kila msomaji ajua asimamapo. Lakini sisi tulio walimu tumepewa amri ituzuiayo kumshuhudia jirani uongo, na amri hiyo haikusema jirani awe wa dini yetu. Juma lililofuata tulirudi darasani, tukakiri kosa letu mbele ya wote, tukaeleza kwa ufupi haya tuliyoandika. Tulipokwisha, tulimwuliza yule mtoto kama kuna neno la kusahihisha. Akasimama, akasema, "Liko moja, Mwalimu. Nyumbani kwetu utambi husokotwa na bibi, wala haruhusu mtu mwingine." Tukaliandika ubaoni pamoja na mengine.