Ritifaa katika Majina ya Anwani za Mtandao

Kwa mkazi wa Mbamba Bay, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, Malawi iko ng'ambo. Lakini wavuvi wake wakitaka kuiita tovuti yao Ng'ambo, msajili atalikataa jina hilo. Kanuni ya mwaka 1985 ya majina ya kompyuta iliruhusu herufi za Kilatini, tarakimu, kistari na nukta tu. Hata nafasi haimo. Mbamba Bay yenyewe huandikwa mbamba-bay.

Kazi ya kugeuza jina kuwa namba ya anwani hufanywa na kipande cha programu kiitwacho getaddrinfo. Mwaka 2018, katika toleo la 2.28 la maktaba ya glibc, kipande hicho kilianza kufuata kanuni za mwaka 2010 kuhusu majina yenye herufi za lugha mbalimbali. Kijerumani kilinufaika: ß haikugeuzwa tena kuwa ss. Kiswahili hakikupata kitu, kwani ritifaa ya kibodi huhesabiwa kuwa alama ya uakifishaji. Kwetu si uakifishaji hata kidogo. Ni sehemu ya tahajia ya fonimu, na ndiyo itenganishayo ng'oa, yaani kuchomoa, na ngoa, yaani wivu.

Basi anayepitia mabadiliko ya msimbo wa namna hii na atazame jambo moja: jina lenye ritifaa linakataliwa waziwazi, au ritifaa inadondoshwa kimyakimya? Kudondosha, kwa maoni yangu, ndiko kubaya zaidi, maana aandikaye ng'oa hupelekwa kwa mwenye ngoa bila kuarifiwa. Jozi hiyo iwekwe katika majaribio, na ng'oa irudishe kosa.