Siri ya achari: usipoilinda mwenyewe, mahakama haitairudisha

Mwaka juzi shangazi yangu alinipigia simu akilia. Kwa miaka mingi ameuza achari ya maembe hapa Garsen, na abiria wa mabasi ya Lamu walikuwa wakiiulizia kwa jina lake. Binti aliyemsaidia jikoni aliondoka baada ya Idd, na mwezi haukuisha akafungua meza yake Minjila. Achari ni ile ile, bei imepungua shilingi ishirini. "Mwanangu, nimshitaki?"

Nilimuuliza maswali matatu. Nawe mwenye biashara jiulize leo, kabla hujafikwa.

Kwanza, ni siri kweli? Kukata maembe, kuyaanika na kutia pilipili ni jambo analolijua kila mama wa Tana Delta. Hilo ni letu sote. Siri ya shangazi ilikuwa ndogo tu: vipimo vya viungo vyake.

Pili, siri hiyo ina thamani kwa sababu wengine hawaijui? Ndiyo. Ndiyo iliyowaleta wateja.

Tatu, ulifanya nini kuilinda? Akanyamaza. Vipimo alivibandika ukutani jikoni, na kila jirani aliyeingia aliweza kuvisoma.

Maswali haya sikuyatunga mimi. Yanatokana na kifungu cha 39 cha mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ambalo Kenya ni mwanachama tangu 1995. Kwetu hakuna sheria ya Bunge iliyotungwa kwa siri za biashara pekee. Mahakama huangalia mkataba wenu, na kama aliyepewa siri kwa amana aliivunja amana hiyo. Basi hakimu atataka kujua: yule binti aliambiwa lini kwamba ile ni siri?

Wengine hushauri kusajili hataza, yaani haki ya mvumbuzi. Hataza hulinda kwa miaka 20, lakini lazima ueleze wazi uvumbuzi wako, na muda ukiisha ni wa kila mtu. Siri haina mwisho, ila ikivuja, maji yakimwagika hayazoleki.

Ufanyeje basi? Kabla ya kumwajiri mtu, andikeni karatasi kwa lugha mnayoielewa nyote, itaje ni nini siri, mtie sahihi mbele ya shahidi. Gawanya kazi: anayekaanga asiwe ndiye anayepima viungo. Daftari la wateja na la wanaokuuzia malighafi lifungiwe. Na usirekodi video ya mapishi yako ukairusha Facebook, kisha ulalamike umeibiwa.

Tahadhari moja, kwani haki ni ya pande mbili. Ufundi ambao mfanyakazi ameupata kwa jasho lake ni wake. Ukimwandikia asifanye biashara popote maisha yake yote, Mahakama Kuu inaweza kulitupa sharti hilo kwa kuwa limepita kiasi. Linda vipimo vyako, usimfunge mtu riziki.

Shangazi hakushitaki. Hakuwa na karatasi wala shahidi. Siku hizi huchanganya viungo peke yake kabla ya alfajiri, akavileta jikoni vikiwa tayari ndani ya mkebe. Ukutani hakuna kitu. Lakini wateja waliohamia Minjila hawajarudi.