Mashine ya Kufulia: Rahisi Isije Ikawa Ghali

Siku mashine ya kufulia inapokataa kuzunguka, hasara yake haipimwi kwa bei ya chombo kilichoharibika peke yake. Nguo za watoto wa skuli, shuka za mgonjwa na kanzu ya Ijumaa hazingojei mshahara wa mwisho wa mwezi. Kazi yote hurudi kwenye beseni, na beseni aghalabu humrudia mama wa nyumba na binti zake. Waliokuwapo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, njia ya umeme itokayo Bara ilipoharibika, hawahitaji kuelezwa uzito wa kazi hiyo.

Kwa hivyo tumeona leo tulizungumze jambo hili, ambalo huenda wengine wakaliona dogo. Mwenye kipato kidogo anapobadilisha mashine kuukuu hana nafasi ya kukosea mara mbili. Fedha alizozikusanya kwa miezi zikipotea katika chombo kibovu, hapana nyengine za kuziba pengo.

Jambo la kwanza ni kuujua ugonjwa kabla ya kumzika mgonjwa. Mashine isiyotoa maji huenda imeziba kichujio tu, au pampu yake imekufa. Mashine ambayo mota yake inanguruma lakini pipa halizunguki, huenda imekatika mkanda. Hayo ni maradhi ya gharama ndogo. Lakini ikiwa beringi zimekwisha, pipa linagonga na bati limeliwa na kutu, basi hapo kutengeneza ni kumwaga maji mchangani. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni hiki: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mashine mpya, ni bora kuiacha ile kuukuu ipumzike.

Jambo la pili ni tahadhari na vyombo vilivyokwishatumika. Hatusemi kwamba vyote ni vibovu, kwani wapo waliovinunua na wakafaidika navyo. Bali wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Umeme wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine iliyoundwa kwa matumizi ya Marekani hutaka volti 120 na mizunguko 60, na ya Japani volti 100. Transfoma huweza kupunguza volti, lakini haibadilishi mizunguko. Basi mnunuzi na asome kibandiko kilichopo nyuma ya mashine, na asikubali kutoa fedha kabla haijawashwa, ikajazwa maji, ikafua na ikakamua mbele ya macho yake.

Jambo la tatu, ambalo husahauliwa mno, ni maji. Mashine inayojiendesha yenyewe hutaka maji ya bomba yenye nguvu. Yakija kwa unyonge, husimama na kungoja. Katika nyumba inayotegemea mgao, tangi fupi au ndoo, mashine ya mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, ingawa humtaka mtu asimame karibu nayo, hufaa zaidi. Hujazwa hata kwa ndoo, swichi zake ni nyepesi, na fundi wa mtaani huweza kuifungua. Isitoshe, bei yake kwa kawaida ni ya chini kuliko ile inayojiendesha.

Visiwa vyetu vimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingi hubeba chokaa. Maji hayo yanapochemshwa, chokaa huganda juu ya chuma cha kupashia moto. Tena, kupasha maji ndiko kunakokula sehemu kubwa ya umeme wa mashine. Kwa hivyo anayefua nguo za kawaida kwa maji baridi huokoa mara mbili: huokoa umeme na hurefusha maisha ya mashine yake. Na maadam upepo wa bahari huleta chumvi, mashine isiwekwe uani bila ya kifuniko, bali iinuliwe kutoka sakafuni na ifutwe ikauke kila baada ya kazi.

Baada ya kusema na wananchi, tunawageukia wenye dhamana. Mwananchi hawezi kuwa mkaguzi wa bandari. Tunaiomba Taasisi ya Viwango ihakikishe kwamba chombo cha umeme kisicholingana na umeme wetu hakifiki dukani bila ya mnunuzi kuelezwa wazi. Tunaviomba vituo vya mafunzo ya amali, vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, viutilie mkazo ufundi wa vyombo vya nyumbani, kwani kijana mmoja anayejua kubadilisha beringi huokoa fedha za mtaa mzima.

Na maofisa wanaonunua mashine kwa ajili ya hospitali na dahalia wajiulize yale yale anayojiuliza mama wa nyumba. Bei ya chini kabisa kwenye karatasi si lazima iwe nafuu kwa umma. Vipuri vyake vitapatikana wapi? Nani atakayeitengeneza? Bajeti inayoanza Julai imetenga fungu la matengenezo, au la ununuzi peke yake? Shuka za wagonjwa zikikosa kufuliwa, anayeumia ni yule aliyelala kitandani.

Rahisi ghali, ndivyo tulivyofunzwa na wazee wetu. Sisi tunaongeza kwamba ughali huo humwelemea zaidi asiyekuwa nacho. Basi mwenye kununua na apime kabla ya kulipa, na mwenye dhamana amwekee mizani iliyo sawa.