Nywele Zioshwe Mara Ngapi?

Wako watu wanaoamini kwamba mtu asiyeosha nywele zake kwa sabuni kila siku ni mchafu. Wako na wengine wanaoamini kwamba maji huharibu nywele, na kwa hiyo huziacha mwezi mzima au zaidi bila kuziosha. Wote hao wamekosea. Hakuna kanuni moja iwafaayo watu wote, lakini mtu akifahamu jinsi nywele zilivyo ataweza kujiamulia mwenyewe.

Unywele unaoonekana hauna uhai. Chenye uhai ni mzizi wake uliomo ndani ya ngozi, na kando ya mzizi huo pana tezi ndogo itoayo mafuta. Mafuta hayo huilinda ngozi na kuulainisha unywele. Kwa watu wenye nywele zilizonyoka, mafuta huteremka upesi mpaka kwenye ncha, hata baada ya siku moja au mbili nywele huonekana zimelowa. Lakini nywele za Waafrika walio wengi zimejisokota, na mafuta hayawezi kuifuata njia hiyo yenye kona nyingi. Hubaki karibu na ngozi, nazo ncha hukauka. Ndiyo sababu nywele za namna hii zikioshwa mno hukatika.

Basi madaktari wa ngozi hushauri kwamba nywele zilizojisokota zioshwe mara moja kwa juma, au mara moja kwa majuma mawili. Mwenye nywele zilizonyoka na zenye mafuta mengi aweza kuziosha hata kila siku. Aliyenyoa karibu na ngozi aweza kuosha kichwa kila aogapo, kwani hana nywele ndefu za kukatika. Na mtu afanyaye kazi ya vumbi na jasho aweza kuzisuuza kwa maji matupu kati ya siku zake za kuosha.

Sabuni nayo ni jambo la kuangaliwa. Sabuni ya kufulia ni kali, huondoa mafuta yote. Tena katika maji yenye chokaa, kama ya visima vingi vya pwani, sabuni ya mche huacha utando mweupe ambao watu hudhani ni mba. Shampuu haifanyi hivyo. Neno hilo asili yake ni la Kihindi, na maana yake ni kukanda. Na hivyo ndivyo ipasavyo kufanya: kuikanda ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, wala si kuikwaruza kwa kucha.

Mba wenyewe hautokani na uchafu peke yake. Huletwa na kuvu mdogo sana akaaye juu ya ngozi na kula mafuta yake. Kwa hiyo kupaka mafuta mengi juu ya mba ni kumlisha kuvu huyo. Dawa yake ni shampuu maalumu iuzwayo katika maduka ya dawa, nayo huachwa kichwani kwa muda wa dakika tano hivi kabla ya kusuuzwa.

Liko jambo moja ambalo kuosha hakuwezi kulitibu, nalo ni mapunye ya watoto. Mama wengi humsugua mtoto kwa sabuni kila siku, na mtoto hulia, lakini mabaka hayapungui. Sababu yake ni kwamba kuvu wa mapunye huingia ndani ya unywele wenyewe, mahali ambapo sabuni haifiki. Mtoto huyo hana budi kupelekwa zahanati apewe dawa ya kumeza, ambayo huendelea kwa majuma kadhaa. Akicheleweshwa, huenda pakatokea makovu, na mahali penye kovu nywele haziwezi kuota tena.

Ugonjwa huu huambukizwa kwa vitana, kofia, na mashine za vinyozi. Basi kila mtu na awe na kitana chake, na kinyozi asafishe vyombo vyake kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kumnyoa mteja mwingine. Wala mtoto mwenye mapunye asichekwe wala kupigwa kwa kudhaniwa kuwa hapendi kuoga. Yeye ni mgonjwa, na dawa yake ipo.