Breki zikifeli siku chache baada ya gereji, nani awajibike?

GARI limetoka gereji Jumatatu baada ya kufanyiwa sevisi, na Alhamisi, likiteremka katika Barabara ya Morogoro, dereva anakanyaga breki na pedeli inazama hadi sakafuni. Mwenye gari husema fundi ndiye aliyeharibu. Fundi naye husema gari lilitoka mikononi mwake likiwa zima. Mbele ya sheria, kauli zote mbili hazitoshi.

Makubaliano kati ya mwenye gari na gereji ni mkataba, hata kama yalifanywa kwa mdomo chini ya mwembe na bila karatasi yoyote kuandikwa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inampa aliyeumizwa na uvunjaji wa mkataba haki ya kudai fidia. Fundi aliyelipwa anatarajiwa kufanya kazi kwa uangalifu na kwa ujuzi wa kawaida wa watu wa fani yake. Hata hivyo, hageuki kuwa mdhamini wa gari zima kwa sababu tu ndiye wa mwisho kuligusa.

Hapo ndipo madai mengi hukwama. Aliyepeleka gari kubadilishiwa oili ya injini na plagi atapata taabu kumdai fundi kwa sababu ya paipu ya breki iliyoliwa na kutu. Lakini kama sevisi aliyoiagiza ilihusisha ukaguzi wa breki, gereji haiwezi kujitetea kwamba haikuona pedi zilizokwisha au mpira wa breki uliopasuka. Neno “sevisi” lenyewe ni pana mno, na kila upande hulipa maana inayoufaa baada ya ajali. Kwa sababu hiyo orodha ya kazi iliyoandikwa kabla gari halijafunguliwa, hata kwa kalamu ya risasi, ina thamani kubwa kuliko mabishano ya baadaye.

Swali la msingi, basi, ni kifaa gani kilichoshindwa, na kama fundi alikigusa au alipaswa kukikagua. Kwa bahati nzuri, mfumo wa breki huacha ushahidi. Magari mengi ya kisasa yana njia mbili za mafuta ya breki zinazojitegemea, ili moja ikivuja nyingine ibaki. Breki zote zikipotea kwa mpigo, mchunguzi huanza kutazama sehemu ambayo njia hizo mbili huchangia, yaani pedeli, masta silinda na mafuta yenyewe.

Yako makosa ambayo huelekeza kidole moja kwa moja gerejini. Pedi mpya zinapofungwa, pistoni husukumwa nyuma, na fundi hupaswa kukanyaga pedeli mara kadhaa kabla gari halijasogea. Asipofanya hivyo, mkanyago wa kwanza wa dereva hauna kitu. Nati ya kutolea upepo isipokazwa vizuri, mafuta huvuja kidogo kidogo na hewa huingia. Kosa lingine ni kujaza oili ya injini au ya usukani kwenye kopo la mafuta ya breki. Oili ya madini huvimbisha mipira ya breki, na gari linaweza kwenda vizuri kwa siku kadhaa kabla mipira hiyo haijaharibika. Mafuta yaliyosalia ndani ya kopo yakipimwa, siri hiyo hufichuka.

Dalili nyingine hazina uhakika huo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kiwango chake cha kuchemka hushuka. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango kinachokubalika ni nyuzi 140. Katika mteremko mrefu, dereva asiyeshusha gia anaweza kuyachemsha, na mvuke hauna nguvu ya kusukuma breki. Je, hilo ni kosa la fundi ambaye hakuyabadilisha, au la dereva aliyekalia breki njia nzima? Katika gari kuukuu hutokea pia kwamba kazi halali ya kutoa upepo, ambayo husukuma pedeli hadi mwisho, huchana mipira ya masta silinda iliyokwisha kuchoka. Fundi amefanya alichotakiwa kufanya, lakini kazi yake ndiyo iliyoamsha ubovu uliokuwa umelala.

Vipuri navyo hubadili hesabu. Gereji ikiuza kipuri na kukifunga, inawajibika pia kwa ubora wake. Mwenye gari akinunua mwenyewe Kariakoo ili kuokoa fedha na kumkabidhi fundi, fundi hubaki na wajibu wa ufungaji, ilhali kasoro iliyojificha ndani ya kipuri inamhusu muuzaji. Kama bidhaa ni bandia, Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ina mamlaka ya kushughulikia suala hilo.

Mambo huwa mazito zaidi anapoumia mpita njia, ambaye hana mkataba na yeyote. Tanzania ilirithi sheria ya uzembe kutoka Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai, 1920, na hukumu za huko zilizofuata hutumika kama mwongozo ingawa hazifungi mahakama zetu. Mbili zinahusu jambo hili hili. Mwaka 1939, katika shauri la Stennett dhidi ya Hancock, sehemu ya gurudumu la lori lililokuwa limetoka kutengenezwa ilichomoka na kumjeruhi mwanamke aliyekuwa kando ya barabara. Mahakama iliamua kwamba gereji ndiyo ilipe; mwenye lori aliachiwa kwa kuwa alikuwa amemkabidhi kazi fundi anayeaminika.

Miaka 30 baadaye, mwenye lori mwingine hakuwa na bahati hiyo. Katika shauri la Henderson dhidi ya Jenkins, breki za lori zilifeli mteremkoni kwa sababu ya paipu iliyotoboka kwa kutu mahali pasipoonekana bila kuifungua, na mtu akauawa. Wamiliki walieleza kwamba walikagua sehemu zote zinazoonekana. Mwaka 1969, Bunge la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, lilisema hilo halitoshi: ni juu ya mwenye gari kuonyesha historia ya matumizi na matunzo ya gari lake.

Kwa maneno mengine, mwenye gari anayekimbilia gereji bubu kwa sababu ya bei, bila risiti, anajinyang’anya utetezi. Vivyo hivyo kwa yule aliyeona taa ya breki ikiwaka kwa siku mbili na kuendelea na safari. Hata akishinda, mahakama inaweza kupunguza fidia yake kwa kadiri ya uzembe wake.

Kosa kubwa linalofanyika baada ya ajali ni kulivuta gari hadi gereji ile ile “ili waone kazi yao”. Mtuhumiwa hukabidhiwa ushahidi na spana. Gari linapaswa kwanza kukaguliwa na mkaguzi wa magari wa polisi, na ikiwezekana fundi wa tatu, likiwa halijafunguliwa. Picha zipigwe, mafuta ya breki yahifadhiwe na vifaa vilivyoharibika viwekewe alama.

Bima ya lazima humlipa mtu wa tatu aliyeumia, na kampuni iliyolipa bima kubwa inaweza kugeuka na kuidai gereji kwa haki ya mteja wake. Kwa asiye na bima kubwa, kazi hiyo ni yake mwenyewe. Sheria inampa miaka sita kudai kwa msingi wa mkataba na miaka mitatu kwa msingi wa uzembe, lakini pedi na mipira iliyotupwa kwenye pipa la gereji huweza kufika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla wiki haijaisha.