Pikipiki ya zamani ikisitasita, anza na plagi
Honda CB750, pikipiki ya silinda nne iliyoanza kuuzwa mwaka 1969, ina kabureta nne. Wengi huondoa boksi la chujio la hewa na kufunga vichujio vidogo vya wazi. Hewa huzidi petroli, na injini huunguruma kwa kusitasita.

Kabla ya kununua chochote, fungua plagi zote. Rangi ya kahawia ni dalili njema. Weupe huonyesha petroli haitoshi, na pistoni yaweza kutoboka. Ikiwa nyeupe ni moja tu, kagua mpira unaounganisha kabureta yake na injini: huenda umepasuka. Zikiwa nyeupe zote, weka jeti zenye matundu makubwa zaidi, ndipo usawazishe kabureta. Kuanza na usawazishaji, kama wafanyavyo mafundi wengi wenye haraka, ni kupoteza siku.